Somo: Tutunze Nyundo na Mikanda ya Mashine ya Kusaga



Siku ya mgao ikipita, foleni huhama. Inatoka kwenye kituo cha chakula na kwenda kwenye mashine ya kusaga. Mama amebeba mahindi kichwani na mtoto mgongoni, na anataka jambo moja tu: unga wa kupika jioni hiyo. Akifika akikuta mashine imekufa, hana njia nzuri. Atatwanga kwa kinu hadi usiku, au atatembea hadi mashine ya mbali, au atauza sehemu ya mahindi kwa bei ya kutupa ili anunue unga kidogo.

Mashine nyingi za kusaga hazifi kwa sababu injini imechoka. Zinasimama kwa ajili ya vitu vidogo viwili: nyundo zilizolika na mikanda iliyolegea. Vitu hivi huonekana kwa macho na husikika kwa masikio siku nyingi kabla ya kuharibika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika somo hili tutajifunza kuuona ufa na kuuziba mapema.

Somo ni kwa ajili ya wewe mwendesha mashine, wewe mjumbe wa kamati ya mashine, na wewe mteja unayeleta mahindi. Kila mmoja ana sehemu yake.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kueleza kazi ya nyundo, chekeche na mikanda;
- kutambua dalili za nyundo iliyolika na mkanda uliolegea;
- kugeuza nyundo bila kuharibu mizani ya mashine;
- kupima mkazo na mnyoofu wa mikanda kwa kamba na rula;
- kujilinda wewe na wateja wako.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KAMBINI

Kambi zetu huitwa za muda, lakini muda wenyewe ni mrefu. Dadaab nchini Kenya ilianza mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992, na Nyarugusu mkoani Kigoma mwaka 1996. Watoto waliozaliwa humo siku za mwanzo leo wana watoto wao. Kwa hiyo mashine iliyoletwa kama msaada wa dharura inatakiwa kuishi miaka mingi, na hakuna wa kuitunza isipokuwa sisi wenyewe.

Zaidi ya hayo, vipuri haviuzwi mlangoni petu. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi anahitaji kibali ili atoke nje ya eneo la kambi. Mkanda ukikatika leo, kwanza utafute fedha, kisha kibali au mtu wa kumtuma, kisha usafiri wa kwenda mjini na kurudi. Kitu ambacho fundi wa mjini hukipata kwa kuvuka barabara, sisi tunaweza kukisubiri kwa wiki. Ndiyo sababu dakika kumi za ukaguzi kila asubuhi zina thamani kubwa kwetu.

Hata kama mashine haijasimama, nyundo mbovu zinatula polepole. Tuseme familia ya watu watano imeleta kilo 50 za mahindi. Nyundo zimelika, kwa hiyo kilo 2 zinabaki chenga juu ya ungo na zinapewa kuku. Kilo 1 nyingine inapeperuka kwa sababu mfuko wa kupokelea unga umetoboka. Kama kila mtu anakula gramu 400 kwa siku, familia hiyo inatumia kilo 2 kwa siku. Kilo 3 zilizopotea ni chakula cha siku moja na nusu. Tena unga wa chenga huchelewa kuiva. Ukichelewa kuiva unataka kuni zaidi, na kila mama anajua kuni zinatafutwa wapi na hatari zake ni zipi.

2. MASHINE INAFANYAJE KAZI

Mashine tunayoizungumzia ni ile ya nyundo, inayoendeshwa na injini ya dizeli au mota ya umeme.

Mahindi yanamiminwa juu, kwenye bakuli la chuma. Yanapita mlango mdogo na kushuka ndani ya chumba cha kusagia. Humo mna shafti yenye sahani za chuma, na kati ya sahani kuna fimbo za chuma zilizobeba nyundo. Mafundi wengine huziita bita. Nyundo ni vipande bapa vya chuma kigumu. Mashine ikisimama vinaning'inia. Mashine ikizunguka vinanyooka kwa nguvu ya mzunguko na kuyapiga mahindi yakiwa hewani.

Chini ya nyundo kuna chekeche, yaani bati gumu lenye matundu. Punje iliyopondeka vizuri hupita, ile kubwa hubaki na kupigwa tena. Kwa unga wa ugali hutumika chekeche lenye tundu la takribani milimita 1. Kwa chakula cha mifugo hutumika lenye tundu la milimita 3 au zaidi.

Nguvu ya injini inafika kwenye mashine kwa mikanda inayopita juu ya puli mbili, moja ya injini na nyingine ya mashine. Mwendo wake unapigwa hivi: zidisha mizunguko ya injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawa kwa kipenyo cha puli ya mashine. Mfano: injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika na puli yake ina milimita 200. Puli ya mashine ina milimita 100. Basi mashine inazunguka mara 3,000 kwa dakika.

Sasa fikiria. Kama duara linalochorwa na ncha za nyundo lina kipenyo cha sentimita 40, kwa mwendo huo ncha inakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde. Ni zaidi ya kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao hakuna gari la mgao linaloufikia. Na mkanda wenyewe unakwenda zaidi ya mita 15 kwa sekunde. Ncha ya khanga ikiguswa na mkanda huo, mwenye khanga hatapata nafasi ya kupiga kelele.

Kwa sababu hiyo usibadilishe puli kwa kubahatisha. Ukifunga puli kubwa zaidi kwenye injini ili “mashine ichangamke”, unaongeza mwendo wa nyundo kuliko ule uliokusudiwa na kiwanda. Nyundo inaweza kukatika na kutoboa kifuniko.

3. KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Sheria hii haina msamaha, hata foleni iwe ndefu namna gani:

a) Zima injini. Kama ni ya dizeli, funga mafuta, kisha chukua hendeli ya kuwashia ukae nayo wewe mwenyewe. Kama ni ya umeme, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Usimwambie mtu “nishikie”.
b) Subiri shafti isimame kabisa. Baada ya injini kuzimwa, nyundo huendelea kuzunguka kwa muda. Usifungue kifuniko kwa sababu tu kelele imepungua.
c) Waondoe watoto na wateja ndani ya kibanda.
d) Vua shuka, mtandio, koti pana na saa ya mkononi. Nywele ndefu zifungwe.
e) Kinga ya mikanda, yaani kile kizimba cha wavu au bati, itolewe wakati wa matengenezo tu na irudishwe kabla ya kuwasha.

Mashine isiyo na kinga ya mikanda isisage. Kamati isikubali maneno ya “tutaweka kesho”. Kinga inaweza kutengenezwa kwa mbao na wavu hapa hapa kambini, lakini mkono hautengenezwi.

4. NYUNDO

Nyundo mpya ina pembe kali kama tofali jipya. Pembe inayotangulia ndiyo inayopiga mahindi, na ndiyo inayolika. Ikishakuwa mviringo, mahindi yanasukumwa badala ya kupasuka. Hapo utaona dalili hizi:
- unga unatoka na chenga, au unatoka wa moto kuliko kawaida;
- kazi ya debe moja inachukua muda mrefu;
- injini inalemewa na mafuta yanaisha haraka;
- mashine inatetemeka kuliko ilivyozoea.

Mara nyingi mteja ndiye wa kwanza kuona. Sikiliza mazungumzo haya:

— Fundi, mbona unga wa leo una chenga?
— Mama, mahindi yako yana unyevu.
— Baba, haya nimeyaanika siku tatu. Na jirani yangu naye analalamika hivyo hivyo.

Fundi huyu anaweza kuwa na haki, kwa kuwa mahindi mabichi huziba chekeche na kuacha utando wa unga mzito nyuma yake. Lakini wateja wawili wakilalamika siku moja, usiwalaumu mahindi yao. Zima mashine ufungue uangalie nyundo.

Habari njema ni kwamba nyundo nyingi zina matundu mawili, moja kila mwisho. Nyundo ya namna hiyo ina pembe nne za kufanyia kazi. Pembe ya kwanza ikilika, igeuze upande uwe wa pili. Ikilika hiyo nayo, iondoe uifunge kwa tundu la mwisho mwingine, nawe utapata pembe mbili mpya. Seti moja ya nyundo inafanya kazi ya seti nne. Mwendesha mashine anayetupa nyundo baada ya pembe moja anatupa robo tatu ya fedha za kamati.

Lakini usichelewe kugeuza. Ulaji ukivuka katikati ya upana wa nyundo, unaikata pia pembe ya pili ya mwisho ule ule, na hapo umepoteza pembe mbili kwa uzembe wa moja.

Namna ya kugeuza nyundo:

Hatua ya 1. Zima mashine kama tulivyoeleza katika sehemu ya 3.
Hatua ya 2. Fungua kifuniko, toa chekeche, fagia unga wote. Unga uliolala ndani huvuta wadudu na kuota ukungu.
Hatua ya 3. Chora kwenye daftari mpangilio wa nyundo na vipande vya kuzitenganisha katika kila fimbo. Usitegemee kichwa.
Hatua ya 4. Toa fimbo moja tu kwa wakati mmoja. Geuza nyundo zake, zirudishe kwenye fimbo ile ile na katika nafasi ile ile. Ndipo uende kwenye fimbo nyingine.
Hatua ya 5. Angalia fimbo yenyewe. Kama nyundo zimeichimba mifereji, ibadilishe. Angalia na matundu ya nyundo. Tundu lililokuwa duara likawa kama yai ni dalili kwamba nyundo imechoka, hata kama pembe zake bado ni nzuri.
Hatua ya 6. Rudisha pini za kufungia fimbo, na zote ziwe mahali pake. Hesabu spana na bolti zako. Spana iliyosahauliwa ndani ni bomu.
Hatua ya 7. Zungusha puli kwa mkono taratibu, mzunguko mzima. Usisikie chuma kugusa chekeche.
Hatua ya 8. Funga kila kitu, rudisha kinga, washa bila mahindi kwa dakika tano. Simama pembeni, si mbele ya mashine. Ikitetemeka, zima utafute sababu.
Hatua ya 9. Saga kilo moja au mbili za pumba, uzitupe. Hizo zinasafisha vumbi la chuma lililobaki.

Jambo la mizani. Nyundo za fimbo moja zinatakiwa kuwa na uzito sawa na zile za fimbo inayoielekea. Tofauti ndogo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwa pigo kubwa, nalo huvunja beringi na kulegeza bolti za msingi. Kwa hiyo usibadilishe nyundo moja peke yake. Badilisha seti nzima, au angalau nyundo mbili zinazoelekeana. Kama hakuna mizani ya dukani, tengeneza ya mti: chukua fimbo nyoofu, ining'inize kwa kamba katikati mpaka ilale sawa, kisha funga mifuko miwili inayolingana kwenye ncha zake. Weka nyundo za fimbo moja huku na za fimbo ya pili kule. Fimbo ya mti ikilala sawa, endelea. Ikiinama, badilishana nyundo mpaka ilale.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, usinoe nyundo kwenye jiwe la kunolea. Unaondoa ile sehemu ngumu ya juu na kuvuruga uzito. Pili, nyundo za kienyeji zinazokatwa kwenye springi za lori zinaweza kufaa, lakini zikiwa zimefanywa na fundi anayejua kukipa chuma ugumu wake tena baada ya kukitia motoni. Chuma laini hulika upesi na kuingia ndani ya unga. Chuma kilichopozwa vibaya hupasuka kama chungu.

Kupima chuma ndani ya unga ni rahisi. Funga sumaku kwa karatasi safi, ipitishe taratibu katika sahani ya unga, kisha itazame. Ukiona vumbi jeusi limeshika kwenye karatasi, simamisha kazi uangalie nyundo na chekeche. Kama mashine yako ina sumaku kwenye njia ya mahindi, ifute kila siku. Msumari mmoja ulioponyoka humo unaweza kupasua chekeche zima.

Na chekeche je? Litazame dhidi ya mwanga wa jua. Kama kuna tundu lililoungana na jirani yake, chenga zitapita hapo hapo. Usilizibe kwa kitambaa. Kama limelika kingo za upande mmoja tu, na umbo lake linaruhusu, ligeuze mwisho kwa mwisho upate kingo mpya.

5. MIKANDA

Mashine zetu hutumia mikanda yenye umbo la herufi V. Watu wengi hudhani mkanda unavuta kwa tumbo lake. Sivyo. Unavuta kwa mbavu zake mbili, zilizobanwa na kuta za mfereji wa puli. Tumbo la mkanda halitakiwi kugusa chini ya mfereji. Ukiona chini ya mfereji panang'aa, ujue mkanda umelika au puli imelika, na sasa unateleza.

Sikiliza mkanda na unuse:
- Unalia wakati wa kuwasha au mahindi yanapoingia: umelegea.
- Unanuka mpira ulioungua, au puli ni ya moto: unateleza.
- Vumbi jeusi chini ya puli: unalika haraka.
- Umelika ubavu mmoja kuliko mwingine: puli hazijanyooka.
- Una nyufa ndani: umezeeka au umepata joto.
- Unapinduka mgongo chini: puli zimepinda, au nyuzi za ndani zimekatika.

Kupima mkazo. Mashine ikiwa imezimwa, pima umbali wa mkanda ulio wazi kati ya puli mbili. Weka rula au kamba iliyovutwa juu ya mkanda kutoka puli hadi puli. Bonyeza katikati ya mkanda kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kiasi. Unatakiwa ushuke takribani milimita 16 kwa kila mita 1 ya umbali huo. Kama umbali ni sentimita 75, ushuke takribani milimita 12. Ukishuka zaidi sana, sogeza injini nyuma kwenye reli zake na ukaze tena. Ukikataa kushuka, umeukaza mno, na anayelipa ni beringi.

Mkanda mpya hunyooka ukianza kazi. Upime tena baada ya saa chache za kwanza, na tena siku ya pili.

Kupima mnyoofu. Azima kamba ya fundi mwashi. Ivute kupita kwenye nyuso za puli zote mbili. Kama puli zina upana wa kingo unaolingana, kamba iguse sehemu nne: kingo mbili za puli ya kwanza na kingo mbili za puli ya pili. Ukiona mwanga kwenye mojawapo, legeza bolti za injini, isogeze taratibu mpaka kamba iguse pote, ndipo ukaze.

Kufunga mkanda mpya. Legeza injini na uisogeze mbele mpaka mkanda uingie wenyewe kwa mkono. Usiuchokoe kwa bisibisi wala nondo. Ukifanya hivyo unakata nyuzi za ndani zisizoonekana, na mkanda utakatika baada ya siku chache nawe utalaumu duka.

Kama mashine ina mikanda mitatu, badilisha yote mitatu kwa pamoja. Mkanda mmoja mpya kati ya wazee wawili ni mfupi kuliko wao. Utabeba mzigo wote peke yake na utakufa mapema.

Usipake mkanda grisi, mafuta, sabuni wala lami. Mafuta huulainisha mpira na kuuozesha. Lami hunyamazisha kelele kwa siku moja na kukusanya vumbi kwa siku zinazofuata. Mkanda unaolia unaomba kukazwa.

Namba ya mkanda. Mgongoni mwa mkanda pameandikwa herufi na namba, kwa mfano B75. Herufi inaonyesha upana wa mgongo: A ni takribani milimita 13, B ni 17, na C ni 22. Namba inaonyesha urefu wa ndani kwa inchi. Kwa hiyo B75 ina inchi 75 kwa ndani, sawa na takribani sentimita 190. Nakili namba hii kwenye daftari la mashine leo, kabla haijafutika. Mara nyingi anayekwenda mjini si wewe, na mtu aliyetumwa na maneno ya “mkanda wa mashine ya kusaga” atarudi na mkanda usioingia. Safari imepotea, fedha imepotea, na foleni bado ipo.

Kila kamati iwe na seti moja ya mikanda ya akiba. Itunzwe mahali pakavu, mbali na jua, dizeli na panya, bila kukunjwa wala kutundikwa kwenye msumari mwembamba.

6. RATIBA YA KAZI

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha:
- kagua kinga, bolti na mikanda;
- futa sumaku, fagia unga wa jana;
- zungusha puli kwa mkono usikilize.

Kila jioni:
- pima joto la beringi kwa kuweka mkono juu ya nyumba yake, mashine ikiwa imezimwa na kusimama. Kama huwezi kuvumilia kuweka mkono, kuna tatizo;
- fagia vumbi la unga ukutani na kwenye paa. Vumbi la unga likitimka hewani huweza kushika moto na kulipuka. Hakuna sigara wala koroboi ndani ya kibanda.

Kila wiki:
- fungua kifuniko, tazama pembe za nyundo na matundu ya chekeche;
- pima mkazo na mnyoofu wa mikanda;
- tia grisi kwenye beringi kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Futa kwanza uchafu kwenye chuchu ya grisi. Grisi nyingi mno nayo huleta joto.

Kila mwezi:
- mwendesha mashine aisomee kamati daftari: tarehe za kugeuza nyundo, pembe inayotumika, mikanda iliyobadilishwa, na akiba iliyobaki;
- kamati itenge fungu la vipuri kutoka mapato ya mwezi kabla ya kugawa matumizi mengine.

7. KWA WEWE MTEJA

Mashine ni ya jamii, na jicho lako ni sehemu ya ukaguzi. Anika mahindi vizuri, pepeta mawe na misumari. Usiingie ndani kuchota unga wako mwenyewe, na usimruhusu mtoto acheze karibu na mikanda. Ukisikia mkanda unalia, ukiona kinga haipo, au ukipata unga wenye chenga, mwambie mwendesha mashine kwa heshima. Asiposikia, mwambie mjumbe wa kamati au kiongozi wa mtaa wako. Na wewe mwendesha mashine, ukiizima kwa nusu saa ili ukaze mkanda, waeleze watu walioko foleni sababu. Watu wakielezwa hungoja. Wakinyamaziwa ndipo hukasirika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyundo yenye matundu mawili ina pembe ngapi za kazi? Kwa nini tusichelewe kuigeuza?
2. Injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika, puli yake ni milimita 150, na puli ya mashine ni milimita 100. Mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika? (Jibu: 2,250.)
3. Umbali kati ya puli ni mita 1.5. Mkanda ushuke milimita ngapi ukibonyezwa? (Jibu: takribani 24.)
4. Mashine ya mtaa wetu ina kinga? Ina seti ya akiba? Namba ya mikanda yake imeandikwa wapi? Nani anaijua?

Swali la nne halina jibu katika karatasi hii. Nendeni mkalitafute kwenye mashine yenyewe kabla ya mgao ujao. Na mkishamaliza kusoma, kateni sehemu ya 3 na ya 6 mkazibandike ukutani, mahali ambapo mwendesha mashine atazisoma kila anaposhika hendeli.